Mbelgiji Ukutani

Jumatatu, 7 Oktoba

Mbelgiji amegoma tena. Aliwaka baada ya chakula, akapuliza hewa ya joto kwa muda wa rozari moja. Najua kwa sababu mama Nabintu alikuwa anaisali. Kisha pii, na E6 kwenye kioo chake. Kimya. Nikazima, nikawasha. Pii. E6.

Nimefungua kifaa cha ndani, nimekaza skrubu zote. Hakuna iliyolegea. Nimefunga. Kutwa nzima niko dukani kwangu Nyawera natengeneza frigo za watu na zinanitii. Narudi nyumbani, mashine ya ndugu yangu inanidharau mbele ya mke wangu.

Binti yetu Nabintu amelala na masweta mawili na soksi za mama yake. Nimemshika vidole. Baridi.

Jumanne, 8 Oktoba

Niandike hili tatizo kuanzia mwanzo, kama ninavyofanya na frigo ngumu. Labda nikiliona kwenye karatasi nitalielewa.

Mashine imetoka kwa Faustin, mdogo wangu aliye Ubelgiji. Aliituma ndani ya kontena la watu, imefungwa katikati ya magodoro. Pompe à chaleur, pampu ya joto, ndivyo wanavyoiita. Huko kwao eti iko ukutani kila nyumba. Kwangu mimi ni climatiseur tu, kiyoyozi kilichogeuzwa: badala ya kuchukua joto ndani na kulitupa nje, inaliokota nje na kulileta ndani. Hata hewa ya baridi ya hapa kwetu Kadutu ina joto ndani yake, mradi uwe na kompresa ya kulikamua. Hakuna moto, hakuna moshi. Inakula umeme mdogo kuliko jiko la umeme. Ndiyo maana niliikubali. Mbabula, jiko letu la makala, yaani makaa, ndani ya chumba kilichofungwa inaua, na mtaa huu tumeshazika watu kwa sababu hiyo.

Kifaa cha nje nimekifunga kwenye ukuta wa nyuma, cha ndani juu ya kitanda cha Nabintu. Nimevuta shaba, nimetoa hewa, nimepima gesi. Kazi safi. Siwezi kuona aibu hata kidogo kwa kazi ile.

Nabintu alizaliwa na drépanocytose, ugonjwa wa selimundu. Baridi ikimwingia, damu inakwama ndani ya mishipa na mifupa inamuuma mpaka anauma taulo ili majirani wasisikie. Ana miaka ishirini na tatu. Daktari anarudia kila mara: msimwache apate baridi. Maneno mazuri sana kwa mtu anayelala mahali pengine. Sisi tuko juu ya kilima na mvua imeanza Septemba.

Alhamisi, 10 Oktoba

Kitabu cha mashine kimeandikwa Kiflamand, lugha ya huko kwa Faustin. Nimepiga picha kurasa zote, nimemtumia Faustin. Amejibu leo mchana, akiwa kazini, haraka haraka. E6 maana yake kifaa cha ndani kinaita, cha nje hakijibu. Waya wa mawasiliano.

Basi nimetoa ule waya wote na kuvuta mpya, mzito, bila kiungo hata kimoja. Sikwenda Nyawera. Nimewasha kabla ya saa sita. Ikafanya kazi. Saa nzima, saa mbili, chumba kikawa kama jikoni kwa mama. Nabintu akavua sweta moja. Nikaimba, mimi ambaye hata kanisani siimbi.

Jioni, tukiwa mezani: pii.

Nabintu amecheka mpaka akakohoa. "Papa, umuache tu. Iko anataka kurudia kwabo." Yeye ndiye aliyempa jina la Mbelgiji. Nimecheka pia. Kisha nimekwenda nyuma ya nyumba na kukaa peke yangu kwenye mvua, nikiwa na hasira ya kupasua jiwe.

Jumapili, 13 Oktoba

Maumivu usiku kucha, mgongoni na magotini. Si makali sana, anasema. Huwa anasema hivyo.

Baada ya misa papa Bahati amekuja kumwona. Ni jirani yetu wa upande wa chini, kinyozi. Saluni yake ni chumba cha mbele cha nyumba yake, na kioo chake kimepasuka kona. Mara mbili Nabintu amepungukiwa damu na mara mbili ni papa Bahati aliyelazwa kitandani pembeni yake, mkono umenyooshwa. Damu yake inapatana naye. Ya kwetu wazazi haifai, tunabeba ugonjwa ule ule sote wawili. Tulioana bila kujua. Hakuna aliyetupima.

Amemletea ndizi za kuiva na habari zote za vichwa vya mtaa: nani anapata upara, nani anapaka rangi mvi. Amemtazama Mbelgiji ukutani, akauliza kama naye anakula foufou, ugali wetu. Nikamwambia hapana, anakula akili zangu.

Jumatano, 16 Oktoba

Leo nimekifungua kifaa cha nje kabisa, mpaka mifupa. Vipozeo, feni, kipimo cha joto, vyote nimepima kwa multimètre. Vizima. Nimebadilisha kondensa moja kwa mashaka tu. Nimeazima kadi ya umeme ya climatiseur iliyokufa ya ofisi moja kule mjini, nikaijaribu. Haikuelewana hata kidogo na mwenzake. Nimerudisha ya kwanza.

Asubuhi inafanya kazi. Jioni inagoma. Asubuhi, jioni. Nimefikiri labda ni unyevu. Nimeifunika kwa bati. Pii.

Nilitupa bisibisi gizani kwa hasira. Halafu nikaitafuta kwenye matope, kwa sababu ni bisibisi nzuri. Mama Nabintu alinimulikia kwa simu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimepata. Na ningependa nisingepata.

Leo jioni nilikaa nyuma ya nyumba na ncha za multimètre zimeingia kwenye terminali za kifaa cha nje, macho kwenye namba. Mchana ilikuwa volti 221. Nikangoja. Jua likashuka. Kwa mama Zawadi, jirani wa juu, kukaanza kunuka mafuta ya beignets, maandazi yake. Namba: 196. Mwalimu, yule wa nyumba ya pembeni, akaweka maji ya foufou: 178. Kwa papa Bahati mashine ya kunyolea ikaanza kulia, mke wake akawasha jiko lake. Mjane wa nyuma naye. 149. Taa yetu ikawa nyekundu kama nyanya, na Mbelgiji akalia pii.

Kumbe ndiyo hiyo. Umeme ukidhoofika kiasi hicho, ubongo wa kifaa cha nje unazimia. Cha ndani kinaita, hakuna jibu, kinaandika kwamba waya umekatika. Mashine haikuwa na ugonjwa wowote. Nimekuwa nampasua mtu mwenye afya.

Na mimi ni fundi! Nimepima kila kitu isipokuwa hilo, au nimelipima mchana, wakati kila mtu yuko kazini na majiko yote ni baridi. Sababu naijua. Hapa kwetu tunauliza kitu kimoja tu juu ya umeme: courant iko ao haiko? Ikiwa iko, tunapiga makofi. Nani anauliza iko ngapi? Taa nyekundu ya jioni tumeizoea kama mbwa wa jirani. Sikuwahi hata kuiita kasoro.

Majirani wote wanne wanakula kwenye waya wangu. Nilipojenga, nilivuta kebo toka kwenye nguzo kwa jasho langu, na wao walikuwa wakikaa gizani. Ungefanyaje? Hakuna mtu wa hapa anayewasha taa yake na kumwacha jirani na koroboi. Nikawapa. Waya umepita juu ya ua, nyumba kwa nyumba, wote kwenye disjoncteur moja, swichi ya kukatia umeme, karibu na mlango wangu wa jikoni. Wakati ule kila mtu alikuwa na taa tu na redio. Sasa makala yamepanda bei na kila nyumba ina jiko la umeme.

Kebo ile ni nyembamba kwa nyumba tano. Nene sitaipata, fedha zote zinaishia hospitali.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimejaribu régulateur yangu ya dukani, ile kubwa ya kupandisha umeme. Ilipiga kelele ta-ta-ta, ikatoa moshi, ikafa. Sasa na frigo za wateja wangu nitazijaribia wapi?

Nimekwenda kwenye ofisi ya umeme. Mtu wa kwenye meza ameniambia watakuja kuona. Hakuuliza nakaa wapi.

Jumatano, 23 Oktoba

Jana nilipita nyumba kwa nyumba. Niliwaomba wasipike kwa umeme jioni, wapike mchana au watumie makala, kwa ajili ya Nabintu. Wote wamekubali, na si kwa mdomo tu. Mama Zawadi alilia. Mwalimu alizima jiko mbele yangu.

Jana usiku Mbelgiji alifanya kazi mpaka asubuhi. Nabintu alilala na shati la mikono mifupi. Mikono mitupu, Oktoba, Kadutu! Nilikwenda kumtazama mara nyingi kama mwizi.

Leo jioni: 168. Halafu 155. Pii. Sijui nani. Siwezi kwenda kunusa masufuria ya watu.

Jumapili, 27 Oktoba

Usiku wa ijumaa na wa jumamosi, hapana, siwezi kuuandika wote. Alikuwa anapiga ukuta kwa ngumi. Mama yake alimkanda kwa maji ya moto, mimi nilishika beseni. Kila mara maji yalipoa kabla ya maumivu. Juu yetu yule Mbelgiji, kimya, E6 yake inawaka kijani. Ningekuwa na nyundo karibu ningempiga.

Asubuhi Nabintu amesema: "Papa, nimechoka. Sisemi kuchoka ya leo." Nikamuuliza ya nini basi. Akageukia ukutani.

Nachukia mvua. Nachukia kilima hiki. Nachukia harufu ya foufou saa za jioni, mimi niliyekulia kwa foufou.

Jumatatu, 28 Oktoba

Giza lilipoingia nimeshusha disjoncteur ya majirani. Kidole kimoja. Nyumba zote nne zikawa nyeusi mara moja.

Chumba cha Nabintu: umeme 214, joto 23. Amelala kabla hata hajamaliza chai.

Nitarudisha asubuhi. Usiku tu, si mchana. Wakipika mapema hawatakosa kitu.

Jumatano, 30 Oktoba

Jana asubuhi nilirudisha, jioni nikakata tena. Leo asubuhi mvua ilikuwa inanyesha na Nabintu alikuwa bado amelala vizuri, na nikajiambia nitarudisha saa sita. Saa sita mvua bado. Sikurudisha.

Papa Bahati akapanda mpaka kwangu, mashine ya kunyolea mkononi, waya wake unaburuta kwenye matope. "Papa Nabintu, courant imekatika na kwako? Niko na mutu mu kiti, kichwa yake iko nusu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni, na nyuma yangu taa ya jikoni inawaka nyeupe pe. Nikamwambia ni watu wa kampuni wamekuja, wamesema nyaya za juu ya ua haziruhusiwi tena, wamenitisha faini. Nilisema yote hayo bila hata kukohoa. Yeye akaangalia taa. Akaniangalia mimi. Akasema sawa, papa, na akashuka.

Yule mtu alikwenda nyumbani na nusu ya nywele. Nilimwona kwenye ngazi, amefunika kichwa kwa mfuko.

Mama Nabintu alisikia yote. Amesema mara moja tu, na hajasema tena: "Siku ya kilio, tukifiwa, ni huyu Mubelgiji njo atatuletea viti?"

Jumamosi, 2 Novemba

Tumetoka makaburini kuombea marehemu wetu. Nabintu amekwenda na sisi kwa miguu na amepanda kilima mwenyewe. Tangu lini? Sikumbuki. Ameanza tena kusoma vitabu vyake vya chuo. Anadai chumba kina joto mno na ananiambia nipunguze! Nimepunguza kwa furaha kama mfalme.

Nje hakuna anayenisalimia kwa sauti. Wanaitikia tu. Watu wa shirika la sala zamani walikuwa wakikutana kwetu alhamisi. Wamehamia kwa mwalimu, wanasali na mshumaa. Mama Zawadi anakaangia beignets kwenye kuni mbichi, macho mekundu. Juu ya kabati yetu kuna simu nyingi zisizo zetu, zinachaji. Mke wangu anazipokea kwa mlango wa nyuma na anadhani sizioni. Naziona. Sisemi.

Mashine inafanya kazi vizuri sana. Faustin ameomba picha, nimemtumia. Amejibu na kidole gumba.

Jumatano, 6 Novemba

Papa Bahati amehama. Amekwenda Kavumu, nje ya mji, na mke wake, kwa shemeji yake aliye na plaque za umeme wa jua kando ya barabara. Ameng'oa kioo chake chenye ufa, amekibeba mgongoni. Kinyozi bila umeme atakula nini?

Alipita kumuaga Nabintu wakati sipo. Nabintu ananiambia alisimama chini ya Mbelgiji, akainua mikono kama watu wanaoota moto, na akasema huyu mzungu anafanya kazi kweli. Hakusema baya. Ningependelea aseme baya.

Nilitaka kumpigia simu. Niseme nini? Kwamba hakuna mtu wa kampuni aliyekuja? Anajua. Mtaa wote unajua.

Jumatatu, 11 Novemba

Homa. Ilianza jumamosi, tukafikiri ni mafua. Leo macho yake ni ya njano na mkojo mweusi kama soda ya koka. Tumekwenda hospitali. Malaria.

Malaria! Mbu mmoja. Chumba kilikuwa 23, kikavu, kizuri, na mbu nao wamependa joto lake. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nazuia baridi kama askari, na kitu kimeingia kwa dirisha.

Damu yake imeteketea. Wanataka kumwekea nyingine haraka. Frigo ya damu ya hospitali haina kitu. Nimeitazama kwa mazoea, ni frigo nzuri, inafanya kazi. Tupu. Daktari amesema leteni yule mtu wenu wa siku zote.

Simu ya papa Bahati haipatikani. Nimeipiga mpaka mke wangu amenishika mkono. Mwalimu alikuja kupimwa bila kuitwa, na mama Zawadi, na kijana wa mjane. Wote niliowazimia taa. Hakuna hata mmoja ambaye damu yake imepatana.

Jumanne, 12 Novemba

Asubuhi sana nimepanda pikipiki kwenda Kavumu. Mvua njia nzima, matope, lori limelala katikati ya barabara, foleni. Nilimtukana dereva wa pikipiki kwa kitu ambacho si kosa lake. Alinivumilia.

Nimemkuta papa Bahati kwenye kibanda cha mbao, kioo chake kimetundikwa msumari, mteja kwenye kiti. Simu yake iliingia maji jumapili. Nilikuwa nimepanga maneno ya kusema njiani. Yote yamepotea. Nimesema tu: Nabintu.

Alizima mashine, akamtolea mteja taulo shingoni. "Utangoya, ndugu. Nitakuya kumalizia." Nusu ya kichwa ilikuwa imenyolewa, nusu bado. Yule mtu hakulalamika. Papa Bahati akapanda pikipiki mbele yangu, tukarudi mpaka Bukavu mjini.

Kufika ni saa za mchana. Wamempima, wamemlaza, wametoa. Kisha wamekaa wakiipima tena hiyo damu. Usiku sana ndipo wameitundika. Nabintu anapumua kwa shida, mapafu yameshikwa. Alimtambua papa Bahati. Alimtania kwamba safari hii amemletea damu ya Kavumu, ya mashambani. Papa Bahati alicheka huku anajifuta uso kwa mkono wenye bandeji.

Kwenye korido nilimwambia: ni mimi niliyekata, hakuna mtu wa kampuni. Akasema, "Nayua, papa. Ukae, upumzike."

Naandika hapa kwenye benchi. Mama yake yuko ndani.

Alhamisi, 14 Novemba

Nabintu amefariki jana alfajiri. Mfuko wa damu ulikuwa umefika katikati.

Nimemuuliza daktari kama damu ingewekwa jumatatu, na si jumanne usiku. Amesema mapafu, amesema hata hivyo, amesema hatuwezi kujua. Nimemshukuru. Sijui nilimshukuru kwa nini.

Jumamosi, 16 Novemba

Tumemzika jana. Mvua ilitupa nafasi kidogo, tukamzika haraka.

Watu wako kwetu tangu jumatano. Viti vimetoka kwa mwalimu, benchi kwa mjane, sahani kwa mama Zawadi. Turubai limefungwa toka ukuta wetu mpaka ukuta wa papa Bahati, ambaye hajarudi Kavumu. Wanaume wanakaa nje na mashuka mabegani. Wanawake wamelala kwenye mikeka chumbani mwa Nabintu, wamebanana, kwa sababu ndicho chumba chenye joto. Mbelgiji hajagoma hata mara moja siku zote hizi. 23, usiku na mchana. Nilipita nikawaona wamevua vitambaa vya kichwa, wamelala vizuri. Kitanda kimesimamishwa ukutani.

Leo mchana wanawake walitaka kupika kwa ajili ya watu wote. Makala yamelowa, kuni zimelowa. Walikuwa wanapuliza moshi na kukohoa, hakuna aliyeniomba kitu. Masufuria yamekaa chini, foufou ni unga mkavu kwenye beseni.

Nimekwenda kwenye mlango wa jikoni nikainua disjoncteur.

Mtaa wote ukatoa sauti moja, ile tunayotoa siku zote umeme ukirudi, na palepale wakanyamaza kwa kukumbuka mahali walipo. Kisha wakaanza kuleta majiko yao ya umeme, moja moja, wanayapanga chini ya turubai. Mwalimu akavuta waya. Papa Bahati akapanda kwenye kiti kukaza kiungo kilichokuwa kimelegea juu ya ua, nami nikamshikia kiti. Taa ya jikoni ikaanza kugeuka njano. Maji yalipochemka ikawa nyekundu.

Chumbani nikasikia pii. Wanawake wawili walitoka wakijifunga mashuka, wakauliza kama wameharibu kitu. Mama Nabintu akawaambia hapana, njooni mle.

Sikwenda kutazama. Nilipewa sahani, foufou na sambaza, dagaa wa ziwani, nikakaa kwenye benchi kati ya mwalimu na papa Bahati. Baridi ilikuwa inaanza kushuka toka juu ya kilima. Chakula kilikuwa cha moto. Nimekula.